Msafiri wa Kikambala aliyefika Galilaya na saa ya Kiingereza

Mwezi jana nilikuwa nyumbani Kikambala, nikijipumzisha baada ya kusahihisha mitihani, alipobisha hodi kijana mmoja wa jirani. Tuliamkuana. "Shikamoo, Profesa." "Marahaba, mwanangu, pita ndani." Akaweka mezani bahasha ya kaki iliyotuna. Ndani mlikuwa na mswada wa riwaya. Kijana huyu alihitimu chuo kikuu miaka miwili iliyopita, kazi hajapata, na kwa sasa hushuka pwani na babake kuvua. Usiku huandika.

"Sikuja kutaka sifa," akaniambia. "Nina swali moja tu. Niuache kwa Kiswahili au niufasiri kwa Kiingereza?"

Kumbe mhariri mmoja alikuwa amemshauri kwamba hadithi za kusafiri katika wakati ni mambo ya Kiingereza, eti Kiswahili hakina maneno ya kubebea hadithi ya aina hiyo. Nilimwambia aniachie mswada. Nimeusoma mara mbili, na kwa idhini yake nauhakiki hapa bila kumtaja jina, kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Ni swali la kila kijana anayeandika kwa Kiswahili huku ameambiwa kwamba lugha yake haifiki mbali.

Kisa chenyewe ni hiki. Mvuvi kijana wa Kikambala anakimbia mvua na kujisitiri katika magofu ya Jumba la Mtwana, yale yaliyo huko Mtwapa, si mbali na kwetu. Anaingia katika gofu liitwalo Nyumba ya Milango Mingi. Anaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, na alipotarajia kuona Bahari ya Hindi anaona ziwa. Yuko Galilaya, zama za Pontio Pilato, ambaye alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Anaishi huko kiasi cha mwaka mmoja, kisha anarudi.

Wazo la msafiri kama huyu si geni duniani. Mwingereza Michael Moorcock alilitumia katika Behold the Man, iliyotoka kama hadithi mwaka 1966 na kupanuliwa kuwa riwaya mwaka 1969. Mhusika wake, Karl Glogauer, anatoka London ya karne ya 20 na kufika Yudea ya mwaka 28, na mwishowe anajikuta amechukua nafasi ya Yesu mwenyewe. Ni riwaya ambayo Wakristo wengi na Waislamu vilevile wataikirihi, na sisemi hivyo kuilaumu. Ninachoilaumu ni kwamba watu wa karne ya kwanza ndani yake wamewekwa pale ili Glogauer ajitazame. Hawana shida zao wala mizaha yao. Ni kioo tu cha mgeni.

Katika Kiswahili pia safari zipo. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi hii hii, alituandikia Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo anatupwa angani ndani ya chombo kama adhabu na kutua katika nchi ya watu walio sawa. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, alifanya kinyume chake. Badala ya kumpeleka mtu wa leo kwa wahenga, alimleta babu aliyekufa aje kumsuta mjukuu wake anayeneemeka. Kwa hiyo mhariri aliyedai kwamba Kiswahili hakijui safari kama hizi hakuangalia rafu zake vizuri.

Kijana wangu ameonyesha busara katika jambo moja kubwa, nami nataka nimpe haki yake kabla ya kumkosoa. Yesu katika riwaya hii haonekani ila kwa mbali, katikati ya umati, na mwandishi hamtilii neno hata moja kinywani. Msafiri hakishuhudii kifo chake. Anasimuliwa tu na watu waliokimbia mji, kila mmoja kwa namna yake. Kikambala ina misikiti na makanisa, na watoto wa pande zote mbili husoma darasa moja. Riwaya inayoweza kusomwa na darasa hilo zima bila yeyote kutoka nje imefanya kazi. Hapo nampa mkono.

Sasa nije kwenye makosa. La kwanza lilinifanya niweke kalamu chini nicheke. Wale wakimbizi wanasema kwamba kifo kile kilitokea "saa tatu alasiri". Saa tatu alasiri! Jamani, kwetu saa tatu ni asubuhi, jua ndio linaanza kuuma. Nilielewa kilichompata. Alisoma vitabu vya Kiingereza, na Waingereza, wakitaka kuieleza saa ya tisa ya Injili, hulazimika kuigeuza iwe tatu ya hesabu yao. Kijana akaihamisha tarakimu bila kuihamisha saa.

Hasara yake ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Wayahudi wa karne ile walihesabu saa za mchana kuanzia macheo. Saa ya tatu ilikuwa katikati ya asubuhi, ya sita ilikuwa adhuhuri, ya tisa ilikuwa alasiri. Hii ndiyo saa ya Mswahili! Msomaji wa Kiingereza akikutana na saa ya tisa hana budi kutazama maelezo chini ya ukurasa. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukalia dawati la shule, akisikia saa tisa alijua papo hapo kivuli kimefika wapi. Injili ya Yohana inaposema kwamba wafuasi wawili walikwenda kukaa na Yesu yapata saa kumi, mtu wa Kikambala haitaji mfasiri. Ni saa kumi ile ile ya kuanua nguo kambani. Katika lugha zinazoweza kuandika riwaya hii, yetu ni mojawapo ya chache zinazoingia Galilaya na saa yake mkononi bila kuirekebisha. Kijana alikuwa nayo, akaivua, akavaa ya kuazima.

Hapo hapo alipoteza nafasi nyingine. Saa za watu wale zilikuwa sehemu 12 za mchana, uwe mrefu uwe mfupi. Kikambala iko karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Galilaya iko mbali kaskazini. Kiangazi mchana wao hukaribia saa 14 za kwetu, na wakati wa baridi hushuka hadi kama 10. Saa moja ya mchana huko ilikuwa na dakika kama 70 kiangazi na kama 50 msimu wa baridi. Mvuvi aliyezoea jua lisilobadili desturi angeshangaa kuona saa zikinyooka na kufupika kama mpira. Hakuna mashine ya kusafiria wakati inayoweza kumwonyesha mtu kwamba yuko ugenini kuliko hilo.

Tuingie katika siku za juma. Siku ya Wayahudi huanza jua linapotua, kwa hivyo Sabato huingia Ijumaa magharibi. Hili nalo si geni kwetu. Mpwani anaposema usiku wa Ijumaa, kwa wazee wetu huo ni usiku unaotangulia Ijumaa, wala si ule unaoifuata. Msafiri wetu angekaa kitako katika kalenda hiyo bila taabu. Lakini kuna mtego mtamu ambao mwandishi ameupita bila kuuona. Sisi huhesabu siku baada ya Ijumaa: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, hadi Jumatano ya tano. Kisha tunaazima kwa Mwarabu Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano! Juma letu lina siku mbili za tano na halina ya sita. Wayahudi huhesabu baada ya Sabato. Jumamosi yetu ya mosi kwao ni ya saba, siku ya kupumzika, na siku wanayoiita ya kwanza sisi tunaiita ya pili.

Fikirieni mvuvi huyu akijaribu kupanga miadi na mvuvi wa Kapernaumu. "Tukutane siku ya kwanza." Mmoja anakwenda ufukweni leo, mwingine kesho. Hiki ni kichekesho kilicholetewa mwandishi mlangoni, na ndani yake mna jambo zito, kwamba watu wawili wema wanaweza kupishana kwa sababu tu kila mmoja alianza kuhesabu mahali pake.

Kosa la tatu ni la cheo. Mswada unasema "Gavana Pilato". Najua kwamba neno hili liko katika kamusi. Lakini tangu mwaka 2013 gavana kwa Mkenya ni mtu aliyeomba kura, mwenye msafara wa magari na picha kwenye mabango. Nilipofika sentensi inayosema kwamba gavana aliingia mjini, nilianza kusikia vipaza sauti. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo ya Muungano, inamwita Pilato liwali. Neno hilo lina uzito wake hapa pwani. Liwali alikuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar Mombasa na Malindi. Hakuchaguliwa na wenyeji. Aliwekwa na mkubwa aliyekaa ng'ambo, akakusanya kodi kwa niaba yake na kuhukumu kwa jina lake. Huyo ndiye Pilato. Vivyo hivyo, jemadari mdogo wa Kirumi katika Biblia hiyo ni akida, neno ambalo bibi na babu zetu walilijua kwa vitendo. Wafasiri walijua wanachokifanya. Walitafuta katika historia ya pwani mtu aliyefanana na mtu wa Yudea, wakamkopa jina.

Sisemi kwamba kila walichokichagua kilikuwa sawa. Mvuvi wa Kikambala angewakosoa mahali pamoja. Pale Petro na nduguye wanapoonekana wakitupa wavu ziwani, wafasiri waliuita jarife. Nilimuuliza babake kijana, ambaye ameishi baharini kuliko nchi kavu. "Jarife hutegwa, mwalimu," alisema. "Ukitaka cha kurusha kwa mkono, hicho ni kimia. Na juya hukokotwa." Kigiriki cha Injili kina maneno tofauti kwa wavu wa kurushwa na ule wa kukokotwa, nasi tunayo pia, kimia na juya. Ajabu ni kwamba kijana huyu, mwana wa mvuvi, mvuvi mwenyewe, ameandika ukurasa baada ya ukurasa wa uvuvi wa Galilaya kwa neno moja tu, "nyavu". Maneno anayoyashika kila alfajiri hakuyaona kuwa yafaa kuingia kitabuni.

Mashua nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 1986, maji ya ziwa la Galilaya yalipopungua kwa ukame, ndugu wawili wavuvi waliona mbao zimejitokeza topeni. Ilikuwa mashua ya enzi zile, yenye urefu wa zaidi ya mita 8 na upana wa mita 2.3. Mbao zake zimeunganishwa kwa ndimi zilizochomekwa katika vitundu, na mataruma yake yamepigiliwa misumari. Ilikarabatiwa mara nyingi kwa vipande vya miti ya aina mbalimbali, kama anavyofanya mtu asiye na pesa za kununua chombo kipya. Mvuvi wetu angeielewa mashua hiyo kabla ya kuelewa neno lolote la wenyewe. Angepitisha kidole penye kiraka na kujua kwamba mwenye chombo ni maskini mwenye bidii. Katika mswada, mashua hiyo imeelezwa kwa neno moja, "ya kale".

Sasa lugha wanayozungumza wahusika. Mwandishi amelimaliza tatizo kwa muujiza wa sentensi moja: msafiri anafungua kinywa na wote wanaelewana. Baada ya hapo kila mtu, kuanzia muuza samaki hadi mwanamke kisimani, anazungumza kama mtu aliyepanda mimbarini. Wote "wananena", hakuna "anayesema". Wote wanaanza na "tazama", hata pasipo cha kutazamwa. Nakiita Kiswahili hiki Kibiblia. Ni lugha nzuri mahali pake, na wengi wetu tulijifunza utamu wa sentensi humo. Lakini wavuvi wa Galilaya hawakujua kwamba wako katika Biblia. Walitaniana, walilaani mawimbi, walidaiana.

Tena Injili yenyewe inatuambia kwamba walikuwa na lafudhi. Usiku ule Petro alipokana, waliomzunguka walimtambua kwa usemi wake kwamba ni Mgalilaya. Mtu wa bara ya kaskazini yuko mji mkuu, anafungua kinywa, kwisha habari yake. Nani asiyeijua hali hiyo? Mimi mwenyewe nilipofika Nairobi kusoma, nilikuwa nikisema sentensi moja dukani na mwenye duka ananiuliza, "Wewe ni wa kule Kilifi?" Kiswahili kina Kimvita, Kiamu, Kiunguja, kina cha Nairobi, na kina cha kwetu sisi ambao mama zetu walitulea kwa Kigiriama. Mwandishi mwenye hazina hii anaweza kumwacha Mgalilaya aongee kama mtu wa Kikambala na kuhani wa Yerusalemu aongee kama mtu wa ofisini. Msomaji atasikia umbali kati yao bila kuelezwa.

Na hata ule muujiza wa kuelewana ungeweza kuachwa. Watu wa Galilaya walisema Kiaramu, jamaa ya karibu ya Kiebrania na ya Kiarabu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, hilo halina mjadala, lakini kimepokea maneno mengi kupitia Kiarabu. Kwa hivyo msafiri wetu, katikati ya kelele asizozielewa, angenasa sauti: shlama karibu na salamu yetu, ruha karibu na roho, nafsha karibu na nafsi, mauta karibu na mauti, ktaba karibu na kitabu. Asingeelewa mazungumzo. Angenasa salamu, roho na mauti, kisha angebaki akikisia yaliyobaki. Sura hiyo ya kukisia ndiyo ambayo ingekuwa bora kuliko zote, nayo haikuandikwa.

Jambo lililonikera zaidi katika nusu ya kwanza si la msamiati. Msafiri anapoulizwa kwao ni wapi, anajibu kwamba anatoka nchi ambayo wakati huo "bado ilikuwa gizani, haijulikani na yeyote". Hapana, mwanangu. Katika karne hiyo hiyo ya Petro na Paulo, baharia mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara uitwao Periplus, na ndani yake ameieleza pwani hii, akiiita Azania. Anataja soko la Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa na vyombo vilivyoshonwa. Jina lenyewe Rhapta linatokana na neno la Kigiriki la kushona. Wasomaji waliowaona mtepe wakiwa watoto, au waliosimuliwa na wazee wao, wanajua chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ni nini. Msafiri wa Kikambala alipotoka mlangoni mwa Jumba la Mtwana, hakutoka katika giza. Angeweza kumwambia mwenyeji wake, "Kwetu mashua hatuipigilii, tunaishona," na pengine mfanyabiashara aliyewahi kupita Misri angetikisa kichwa kwa kuwa amesikia habari hizo.

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nimwite kijana tuketi tena chini ya mwembe badala ya kumwandikia barua pepe.

Katika mswada, kuanzia sura ya nane, kuna pande mbili. Upande mmoja unaitwa "Wakristo", nao ni wema. Upande wa pili unaitwa "Wayahudi", nao wanapiga kelele, wananong'ona, wanakunja nyuso. Kihistoria hili haliwezekani. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema jina la Wakristo lilianza kutumika Antiokia, miaka kadhaa baadaye. Kabla ya hapo kinawataja kama watu wa Njia ile. Na watu hao wa Njia walikuwa Wayahudi. Petro Myahudi, Mariamu Myahudi, Yesu mwenyewe Myahudi. Waliobishana nao walikuwa Wayahudi pia, Mafarisayo, Masadukayo, Waesene, na wengine wengi ambao hawakuwa wa kundi lolote bali walitaka tu kulipa kodi na kulala. Hata Farisayo, ambaye kwa Kiswahili cha leo tumemfanya kuwa jina jingine la mnafiki, alikuwa mtu wa kusoma na kufundisha sheria mitaani. Na adhabu ya msalaba ilikuwa ya Warumi. Aliyeitoa ni liwali, na walioitekeleza ni askari wake. Kuyafuta haya yote na kubakisha neno moja la watu wote ni kosa la mwanahistoria. Kwa mtu wa Kikambala ni zaidi ya hapo.

Nilimuuliza kijana alikuwa na umri gani mwaka 2002. Akasema alikuwa mtoto wa kubebwa.

Asubuhi ya Alhamisi, Novemba 28, 2002, gari lenye mabomu liliingizwa katika Hoteli ya Paradise hapa Kikambala, hoteli iliyokuwa ya Waisraeli. Wageni walikuwa ndio wamewasili. Walifariki watu 13, mbali na washambuliaji. Waisraeli walikuwa watatu, wawili kati yao wakiwa watoto. Wakenya walikuwa 10, na miongoni mwao wachezaji ngoma wa hapa kwetu waliokuwa wamesimama kuwalaki wageni kwa nyimbo. Mimi nilikuwa Nairobi. Nilishinda nikipiga simu zisizoshika.

Sina nia ya kufungua kidonda hicho kwa ajili ya uhakiki wa mswada. Ninachosema ni kwamba waliofanya unyama ule walikuwa na neno moja kichwani la kuwaita waliokuwa ndani, na neno hilo halikuwa na nafasi ya mtoto aliyekuja likizo na mzazi wake, wala ya mchezaji ngoma wa Kigiriama anayengoja ujira wake wa siku. Neno likishakuwa pana kiasi hicho halioni tena sura ya mtu. Riwaya haitegi bomu. Lakini riwaya hufundisha macho, na kijana wa Kikambala akiandika "Wayahudi walipiga kelele" bila kutazama ni nani hasa, anawafundisha wasomaji wake kutotazama.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, "Sasa Profesa, niwaiteje?"

Swali zuri, na jibu lake tunalo nyumbani. Wageni walipofika pwani hii, watu wa bara ya karibu, wa makaya, waliitwa kwa pamoja Wanyika, watu wa porini. Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi Rabai miaka miwili baadaye, aliandika hivyo katika vitabu vyake. Babu zetu hawakujiita Wanyika. Walikuwa Wagiriama, Warabai, Waribe, Wachonyi, Wadigo na wengineo, kila mmoja na kaya yake. Jina Mijikenda, miji tisa, lilipokuja kushika katika karne ya 20, lilikubalika kwa sababu ndani yake miji bado inahesabika. Basi nikamwambia awatendee watu wa Galilaya kama alivyotaka babu yake atendewe. Awaite mvuvi wa Kapernaumu, mjane wa Magdala, mtoza ushuru, kuhani, kijana wa milimani anayewachukia Warumi, Farisayo mwenye huruma na Farisayo asiye nayo. Palipo na umati, aseme umati wa akina nani na walitaka nini. Neno Myahudi alitumie pale wenyewe wangelitumia, kwa fahari yao.

Kuhusu swali lake la kwanza nimemjibu hivi. Auache mswada kwa Kiswahili, ila auandike upya kwa Kiswahili chake, kwa sababu huu alionipa, ingawa maneno yake ni ya Kiswahili, uliwazwa kwa Kiingereza. Saa ni ya Kiingereza, gavana ni wa bango, nyavu hazina majina, kwao ni gizani, na watu wamegawanywa makundi mawili kama katika filamu. Mhariri aliyemwambia kwamba lugha haina maneno alikosea. Lugha inayo saa ya tisa, liwali, kimia na juya, usiku wa Ijumaa, na lafudhi zinazomfichua mtu. Kilichokosekana ni mwandishi kuyaamini.

Nilimpa pia nakala yangu ya Walenisi aisome kabla ya kuanza. Jina la nchi ile ukilikata vipande linasema wale ni sisi. Mkangi alilitunga kwa ajili ya sayari ya mbali, lakini linafaa kila msafiri anayekwenda kwa watu wa mbali, hata wawe ng'ambo ya miaka 2,000. Kijana alilitia kitabu kwenye bahasha pamoja na mswada, akaaga, akaenda kumsaidia babake kuvuta ngalawa. Ameahidi kuniletea sura tatu za kwanza kabla ya kaskazi kuanza kuvuma. Zikija nitazisoma na saa yangu mkononi.